Nina Miaka 31 na Nauza Mahamri Langoni: Je, Nirudi Darasani?

Assalamu alaikum, Bi Mwalimu,

Natumai barua hii itakukuta katika afya njema. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mkaazi wa Langoni hapa Amu (Lamu). Nina watoto wawili, wa kiume yuko Gredi ya 6 na wa kike yuko Gredi ya 4, na tangu tuachane na baba yao naishi katika nyumba ya wazazi wangu pamoja na mama na kaka yangu mkubwa. Nilifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2008 nikapata alama 312, nikajiunga na sekondari, lakini baba, aliyekuwa baharia wa jahazi la mizigo, alifariki nilipokuwa kidato cha pili. Karo ilikosekana, na mwaka uliofuata nikaozwa.

Riziki yangu ni mahamri. Kila usiku hukanda pakiti mbili za unga kwa tui la nazi na iliki, huuacha uumuke, kisha huamka saa tisa na nusu kuwasha jiko. Hupata mahamri kama 160, na kwa shilingi 10 kila moja hiyo ni Sh 1,600. Unga, mafuta, sukari, nazi, hamira, iliki na mkaa hunila kama Sh 1,140, kwa hiyo kinachobaki mkononi ni Sh 460. Hapo bado sijanunua samaki wala sijalipa madaftari ya watoto. Hatulali njaa, alhamdulillahi, lakini mtoto akipata homa leo, basi kesho sina pesa za unga. Nimeishi hivi miaka mitano na nimechoka kuhesabu.

Mwaka jana nilikuwa nikiuza karibu na hospitali, na asubuhi moja muuguzi mmoja, mteja wangu, aliniomba nimshikie mkono mtoto mdogo ili amtie dripu, kwa sababu mama yake alikuwa akilia na kutetemeka. Nilimshika. Muuguzi aliutafuta mshipa kwa kidole, taratibu, kama mtu anayepapasa uzi ndani ya kitambaa, akaupata kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo jambo hilo halinitoki akilini. Nataka kusomea uuguzi. Nimeambiwa kwamba sharti kwanza nipate cheti cha kidato cha nne, nami sina.

Kaka yangu ana punda wanne wa kubeba mizigo kutoka gatini. Si mtu mbaya, na umeme wa nyumba hulipa yeye. Lakini nilipomweleza alicheka, akaniuliza nitavaa sare na mwanangu au vipi. Badala yake amesema yuko tayari kunipa Sh 15,000 ninunue karai la pili na jiko, nikaange viazi karai na bajia kila jioni. Mama naye haniambii neno baya. Husema tu kwamba riziki huandikwa, na kwamba asiyeridhika na kidogo hashibi kwa kingi. Maneno ya mama ndiyo yanayoniuma zaidi, kwa sababu nikiwa peke yangu najiuliza kama kweli mimi ni mtu asiye na shukurani. Wapo wenzangu wasio na hata hilo karai.

Je, ni tamaa kutaka zaidi ya kula na kulala? Na kama si tamaa, nianzie wapi nami nina jiko la kuwasha kila alfajiri?

Wako,
Mpika Mahamri, Langoni

JIBU

Wa alaikumu salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu, kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi wanaoniandikia hawalifanyi: umeniletea hesabu. Nitairudia hesabu hiyo baadaye. Kwanza nataka kulijibu lile la mama yako, maana naona kwamba hata ukipewa karo yote kesho asubuhi, utakwenda darasani ukiwa umeinamisha kichwa.

Mama yako hajakosea kuhusu kuridhika, ila analiweka neno hilo mahali ambapo si pake. Mtu huridhika na lililokwisha kumfika: baba amefariki, ndoa imevunjika, miaka kumi na mitano imepita nje ya darasa. Haya umeyapokea, na katika barua yako nzima sikuona umemlaumu mtu. Lakini kisomo ambacho hujakijaribu hakijaandikwa bado kwamba hakimo katika riziki yako, na dini yetu, inayosema kwamba kutafuta elimu ni faradhi, haikuweka umri wa mwisho wa faradhi hiyo. Tena jiangalie unachokitaka. Hujaniandikia kwamba unataka dhahabu wala nyumba ya ghorofa Shela. Unataka kwamba homa ya mtoto isikule mtaji wa unga, na unataka kazi ambayo mikono yako ilikwisha kuigusa ikaipenda. Kumshukuru Mungu kwa karai hakukulazimishi kuapa kwamba utakufa ukiwa mbele yake.

Sasa nikwambie la pili, ambalo si tamu. Watu wakisikia mtu mzima anataka kurudi shule, hukimbilia kumtaja marehemu Kimani Maruge, yule mzee aliyejiunga na darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Mimi simtumii kama mfano kwa watu kama wewe. Mzee yule alistahili sifa zake zote, lakini hakuwa na watoto wawili wa kulisha kabla ya saa mbili asubuhi. Ujasiri unao tayari. Usichokuwa nacho ni saa na shilingi, na mtu akikupa hadithi za kutia moyo bila kukusaidia kuvipata viwili hivyo, anakupotezea muda.

Nilianza kufundisha nikiwa msichana, wakati wa ile kampeni ya kufuta ujinga ya mwaka 1979, na nilipewa darasa la ngumbaru la akina mama. Waliandikishwa wengi, na baada ya miezi mitatu wakabaki wachache mno. Mkaguzi alipokuja alisema wanawake wa Pwani hawapendi kisomo, nami kwa ujana wangu nilinyamaza. Ukweli ni kwamba darasa lilipangwa saa kumi alasiri, saa ambayo kila mmoja wao alikuwa akiteka maji au akipara samaki. Aliyepanga saa hiyo hakuwahi kuteka maji. Tangu hapo, mtu akiniambia anataka kusoma, sijali sana ana akili kiasi gani. Namuuliza ana saa ipi.

Kwa hiyo tuangalie saa zako. Unaamka saa tisa na nusu, na nadhani mahamri huwa yamekwisha kufikia saa mbili na nusu au saa tatu. Hapo unalala kidogo, au ungepaswa kulala. Mchana una kupika na kufua. Jioni ndiyo saa pekee iliyo tupu kabla ya kuanza kukanda tena, na ndiyo saa hasa ambayo kaka yako anataka kuijaza bajia. Sisemi kwamba ana nia mbaya. Amekuona unahangaika, akakupa dawa anayoijua, ambayo ni kuongeza mzigo juu ya punda. Karai la pili litakuletea labda shilingi mia mbili au tatu kwa siku, na baada ya mwaka utakuwa na mahali pawili pa kuungulia mikono badala ya mahali pamoja. Mafuta yakipanda bei, yatapanda kote kuwili. Mimi ningekataa, kwa adabu kubwa, na siku hiyohiyo ningemwomba jambo jingine.

Jambo lenyewe ni hili. Ana punda, na kila siku yuko gatini mizigo inaposhushwa. Unga unaonunua pakiti mbili mbili dukani, yeye anaweza kukununulia kwa jumla, pakiti kumi na mbili kwa mara moja, akakuletea hadi mlangoni bila gharama ya mchukuzi. Mafuta vilevile, kwa dumu. Sehemu ndogo tu ya zile Sh 15,000 inatosha kuanzia, na utamrudishia kidogo kidogo. Hapo umempa heshima ya kukusaidia kwa njia anayoielewa, na jioni yako imebaki yako. Habari za sare usizijibu. Mtu akikuona unasoma kila jioni kwa miezi sita, mzaha humwisha wenyewe.

Nimesema nitairudia hesabu yako. Umeandika 160 mara shilingi 10, lakini hukuandika ni mangapi hutoka kwa mkopo, na mimi nimeishi Pwani muda mrefu mno kuamini kwamba yote 160 hulipiwa papo hapo. Wala hukuandika yale ambayo nyinyi wenyewe huyala kwa chai. Chukua daftari moja, kwa wiki moja tu, uandike kila hamri lilikokwenda. Kama ishirini kwa siku ni za mkopo usiolipwa kwa wakati, hizo ni Sh 200, karibu nusu ya faida yako, na umekuwa ukijiona maskini wa juhudi kumbe unaidai nusu ya mtaa. Usiwafungie watu mlango, kwani jirani ni jirani. Lakini tangaza kwamba hesabu hufungwa kila Alhamisi jioni, na ambaye hajafunga, Ijumaa ananunua taslimu. Ukiokoa shilingi mia moja kwa siku, kwa siku 26 za mwezi ni Sh 2,600, na kwa mwaka zinapita 31,000. Ziingize katika mchezo wa wenzako, ule wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, na uombe zamu yako iangukie Januari. Nitakueleza kwa nini.

Usajili wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kwa watahiniwa wa binafsi, yaani wale wasio wanafunzi wa shule, hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, na mtihani huwa mwisho wa mwaka huohuo. Serikali huwalipia ada ya mtihani wanafunzi walioko shuleni, lakini mtahiniwa wa binafsi hujilipia mwenyewe. Ndiyo sababu nataka pesa ya mchezo ikupate wakati huo, isikupate Agosti ukiwa na hamu ya kununua vyombo. Na kuna jambo la haraka ambalo pengine hakuna aliyekwambia. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) waliingia kidato cha kwanza mwaka 2024, na wanatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Mimi ningelenga 2027, si kabla, kwa sababu umekuwa nje muda mrefu na unahitaji muda wa kujikumbusha. Na nisingejenga mpango wowote unaotegemea nafasi nyingine baada ya mwaka huo.

Masomo yanayotakiwa ni saba kwa uchache. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni lazima, kisha masomo ya sayansi yasiyopungua mawili, na angalau somo moja katika kundi la Historia, Jiografia na dini. Kwako wewe sioni haja ya kutafuta mbali: sayansi ziwe Biolojia na Kemia, ongeza Elimu ya Dini ya Kiislamu, ambayo nina hakika madrasani kwenu ulikwisha kuibeba nusu yake, na la saba liwe Elimu ya Biashara, ambayo hesabu yako ya unga imenionyesha kwamba tayari unaiishi. Diploma ya uuguzi hudai wastani wa C, pamoja na C katika Biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili. Hiyo si alama ya malaika. Msichana aliyepata 312 mwaka 2008 anaiweza, mradi Biolojia aipende na Hisabati asiiogope.

Tatizo lako kubwa zaidi, nakwambia mapema, litakuwa maabara. Biolojia na Kemia zote zina karatasi ya vitendo, na mtu hawezi kujifunza kupima asidi kwa kusoma kitabu chini ya taa ya jikoni. Kwa hiyo unapochagua kituo cha kujisajili, usiulize tu ada ni kiasi gani. Muulize mkuu wa shule hiyo kama watahiniwa wa binafsi huruhusiwa kuingia maabara kufanya mazoezi, siku zipi, na kwa malipo gani. Akikujibu kwa kuzungukazunguka, ondoka utafute kwingine, hata kama ni kuvuka hadi Mokowe, upande wa bara. Kabla ya hapo, nenda katika ofisi ya elimu ya watu wazima ya kaunti uulize ni madarasa gani yanayoendelea ya wanaojiandaa kwa KCSE na hukutana saa ngapi. Na ukikuta ni saa kumi alasiri, mwambie mwalimu wazi kwamba saa hiyo si yako. Mimi nilihitaji mtu wa kuniambia hivyo mwaka 1979, na hakuna aliyethubutu.

Nyumbani anza na somo moja. Nasema moja, kwa miezi miwili ya kwanza, na liwe Hisabati, maana ndiyo inayotoka kichwani upesi na kurudi polepole. Mwanao wa Gredi ya 6 yuko kwenye sehemu na asilimia sasa hivi. Ketini meza moja. Usione haya akikusahihisha. Usisome baada ya saa nne usiku, kwa sababu mtu anayeamka saa tisa na nusu kusimama mbele ya mafuta yanayochemka hana ruhusa ya kusinzia, nami sitaki barua yako ijayo iwe ya kunieleza ulivyoungua.

Kuhusu karo ya chuo, usiibebe leo. Ukifika huko kuna basari za kaunti na za hazina ya maeneo bunge, ambazo hazirudishwi, na wengi huzikosa kwa kuchelewa kujaza fomu tu. Kuna pia mikopo ya HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ambayo huwafikia hata wanafunzi wa vyuo vya ufundi na vya matibabu. Mkopo huo una riba, na najua kwamba katika nyumba nyingi za Amu neno hilo pekee hufunga mazungumzo. Hilo ni lako na shehe unayemwamini, wala si la kunisubiri mimi. Niliseme pia lililo kweli: hata ukifaulu, miaka ya chuo itakuwa na pesa kidogo kuliko sasa, kwa sababu mwanafunzi wa uuguzi hawezi kukaanga mahamri ilhali yuko wodini zamu ya alfajiri. Huenda ukahitaji kumpata msichana wa kukushikia karai kwa mgao. Mfundishe mapema, angali mkono wako upo. Na kama wastani utakuwa D+ badala ya C, hutarudi mikono mitupu, kwani vyuo vya ufundi vina kozi za ngazi ya chini ya diploma zinazopokea alama hiyo. Ila usianze safari ukiwa umeutazama mlango huo. Nimekutajia ili usije ukadhani kwamba yote yalikuwa bure.

Limebaki moja, nalo unaweza kulifanya wiki hii bila senti. Cheti chako cha KCPE kitatakiwa siku ya kujisajili. Kitafute. Bila shaka kiko kwa mama yako, katika sanduku au chini ya godoro, penye karatasi za nyumba na kitambulisho cha marehemu baba. Usikichukue kimyakimya. Keti naye, umwambie kwamba huombi ruhusa ya kuwa tajiri, unaomba akutazamie watoto kati ya Maghrib na Isha, siku nne kwa wiki, na umwombe akutolee cheti hicho kwa mkono wake mwenyewe. Kisha mkikague pamoja, herufi kwa herufi, kwamba jina lililo juu yake ndilo lililo katika kitambulisho chako; huku kwetu Mwanaisha huandikwa Mwana Aisha upande mmoja na Mwanaesha upande wa pili, na kurekebisha huchukua muda ambao Januari hutakuwa nao.